Maua ya karatasi: ya harusi au ya msiba?

Najua nimepotea, mnisamehe bure. Majaribio matatu ndani ya wiki mbili, na bumu nalo limeingia kwa kuchelewa kama kawaida yake. Leo sina habari za siasa za chuo. Leo nipo hosteli, vidole vimeganda gundi, na kitandani kwa mwenzangu wa chumba yamelala mawaridi 23 ya karatasi. Bado matano. Mwenye kitanda amehamia kwa jirani na ananiita Mama Maua, jina ambalo mwanaume mzima sijui nitalivua lini.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada yangu anaolewa Jumamosi, Morogoro. Alipoulizia shada la kushika mkononi, la maua mabichi, akaambiwa shilingi 80,000, na kamati ya harusi ilishasema haiongezi hata senti. Akanipigia: "Mdogo wangu, si wewe ulitengeneza yale maua ulipokuwa BTP?" Ni kweli. Nilimsaidia jamaa wa Baiolojia kutengeneza zana ya kufundishia, ua kubwa la karatasi lenye petali na stameni zake, na kidato cha pili walilipenda kuliko somo lenyewe. Nikakubali kazi.

Jioni yake akapiga mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia unamtengenezea dada yako maua ya karatasi."

"Ndiyo mama."

"Maua ya karatasi tunapeleka makaburini, mwanangu. Unataka dada yako aingie kanisani kashika shada la msiba?"

Nikakosa la kusema. Maana hajakosea. Pita karibu na hospitali yoyote kubwa uone mashada yanavyoning'inia kwenye vibanda, ya karatasi na ya plastiki, yakisubiri wafiwa. Na bibi mzaa baba, mtu wa Tanga, yeye hata hilo shada la kushika haoni maana yake. Enzi zao bibi harusi alivishwa kikuba cha asumini na rehani, nyumba nzima inanukia. Ua lisilonuka kwake ni pambo la ukutani.

Mimi nasomea ualimu wa Historia na Kiswahili, nikikosa jibu kwa mama naenda maktaba. Nilianza na huyo bibi harusi wa gauni jeupe na maua. Wengi wanamtaja Malkia Victoria wa Uingereza, aliyeolewa tarehe 10 Februari 1840 akiwa amevaa nyeupe na taji la maua ya mchungwa. Hakuwa wa kwanza kuvaa nyeupe, ila baada yake ndiyo ikawa fasheni. Wengine, badala ya maua halisi ya mchungwa, walitumia ya nta. Kwa hiyo hilo la "maua ya bandia kwenye harusi" limekuwepo karibu tangu mwanzo wa mtindo wenyewe. Baadaye kule Marekani kampuni ya Dennison ya Massachusetts ikauza karatasi ya krepu, ile yenye mikunjo inayovutika, pamoja na vijitabu vya kufundisha akina mama kutengeneza maua nyumbani. Njia yao ndiyo hii hii ninayohangaika nayo mimi: unakata petali mikunjo ikiwa imesimama wima, unaitanua katikati kwa dole gumba mpaka iwe kama kijiko, ukingo unauviringisha kwenye penseli, kisha unafunga moja moja kwenye waya. Ukikata mikunjo ikiwa imelala, petali haivutiki, umepoteza karatasi. Nimepoteza nyingi.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni watu wengine kabisa.

California, kabla ya Vita Kuu ya Pili, wahamiaji kutoka Japani na watoto wao walikuwa watu wa maua. Kandokando ya ghuba ya San Francisco walilima krisanthemu, kanesheni na mawaridi kwenye nyumba za vioo, na mwaka 1912 wakulima wa Kijapani wakaanzisha soko lao wenyewe la maua mjini. Mwaka uliofuata jimbo likapitisha sheria iliyowazuia wahamiaji hao kumiliki ardhi ya kilimo. Wakapata njia za kupita, wakaendelea kulima. Wazungu wangapi wa San Francisco walifunga ndoa wameshika maua yaliyopandwa na Mjapani, hilo hakuna aliyeandika.

Desemba 7, 1941, Japani ikaishambulia Pearl Harbor. Februari 19, 1942, Rais Franklin Roosevelt akasaini Amri namba 9066, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani wakaondolewa pwani ya magharibi. Theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Ruhusa ilikuwa kubeba kile tu mikono inachoweza kubeba. Nyumba ya vioo haibebeki.

Wengi wa eneo la San Francisco walipelekwa kwanza Tanforan, uwanja wa mbio za farasi, na baadhi ya familia zikalala kwenye mabanda ya farasi. Kisha wakapandishwa treni hadi Topaz, jangwa la jimbo la Utah, kambi iliyofunguliwa Septemba 11, 1942. Mabanda ya mbao yaliyofunikwa karatasi ya lami, seng'enge, minara ya walinzi, vumbi. Udongo wake una magadi, miti mingi waliyopanda ilikufa. Fikiria mtu aliyetumia miaka thelathini kuotesha krisanthemu, unamweka mahali pasipoota kitu.

Sasa watu hawaachi kuoana kwa sababu wamefungwa. Wala hawaachi kufa. Ndani ya kambi zile kulikuwa na harusi na mazishi, na maua mabichi yalikuwa ya shida na ya bei, wakati mfungwa aliyefanya kazi alilipwa kati ya dola 12 na 19 kwa mwezi. Ndipo karatasi ikaingia. Waliikata, wakaiviringisha, wakaifunga kwenye waya, wakapata maua ya bibi harusi na mashada ya marehemu. Pale Topaz walifanya na jingine lililonishangaza mimi mjukuu wa mtu wa pwani: kambi imekaa juu ya kitako cha ziwa la kale lililokauka, Bonneville, hivyo walichimba mchangani wakapata vigamba vidogo sana vya konokono, wakavisafisha, wakavipanga kwa ukubwa, wakavigandisha kuwa vijiua vya kubandika kwenye nguo. Bahari hakuna, wao wanaokota simbi.

Mtu anaweza kusema walilazimika tu. Walilazimika, ndiyo. Ila kuna jambo nimelikuta ambalo linanifanya nisite kuliita la kubahatisha. Kule Japani, mjini Nara, kwenye hekalu la Todaiji, kuna ibada inayofanyika kila mwaka tangu mwaka 752 bila kukatika. Kila Februari watawa huketi pamoja na kutengeneza kamelia za karatasi, nyekundu na nyeupe, moyo wake wa njano, halafu huzifunga kwenye matawi halisi ya mkamelia na kuziweka madhabahuni mwezi Machi. Matawi mabichi wanayo, wanachagua karatasi. Si wote waliofungwa Topaz walikuwa Wabudha, na sidai kila mama aliyeshika mkasi kule alikuwa anaiwaza Nara. Nasema tu kwamba walitoka kwenye desturi ambayo ua la karatasi linaruhusiwa kusimama mbele ya kitu kitakatifu.

Aprili 11, 1943, jioni, mlinzi mmoja wa Topaz alimpiga risasi mzee wa miaka 63, James Hatsuaki Wakasa, aliyekuwa akitembea karibu na seng'enge. Akafa. Mlinzi alifikishwa mahakama ya kijeshi, akaachiwa huru. Siku ya mazishi wanawake wa kambi walitengeneza mashada makubwa mno ya maua ya karatasi. Habari hiyo imo kwenye kitabu cha Miné Okubo, msanii aliyefungwa humo, kilichotoka mwaka 1946 kwa jina Citizen 13660. Hiyo 13660 ni namba ambayo familia yake ilipewa badala ya jina.

Hapo nilifunga kompyuta kidogo nikatoka nje.

Wazee wenzake Wakasa walimjengea mnara wa mawe pale alipoanguka, wakuu wa kambi wakaamuru uvunjwe. Waliuzika. Jiwe lake lilikuja kuonekana tena mwaka 2020, likafukuliwa 2021. Mwaka 1988 serikali ya Marekani ilikuwa imeshaomba radhi na kuidhinisha walionusurika walipwe dola 20,000 kila mmoja. Mashada yale ya karatasi hayakusubiri radhi wala malipo, sidhani kama yalimaliza mwezi kwenye upepo ule.

Jana usiku nikampigia mama. Nilijiandaa kama naenda kutetea tasnifu. Nikamsimulia yote, soko la 1912, mabanda ya farasi, mzee wa watu, mashada. Mama hakunikatiza, jambo ambalo si la kawaida. Nilipomaliza akauliza:

"Na hao wanawake, ndio hao hao waliotengeneza ya harusi na ya msiba?"

"Nadhani ndiyo mama. Mikono ile ile."

Kimya. Salio likawa linaliwa. Halafu akasema, "Kumbe niliyokwambia ni kweli, ni ya msiba."

"Na ya harusi, mama."

"Na ya harusi." Akavuta pumzi. "Hayanuki lakini."

"Hayanuki."

"Basi chomeka rehani katikati. Mbichi. Bibi yenu akae akijua kuna kitu."

Kwa hiyo wadau, ratiba ya kesho imebadilika. Asubuhi sokoni kutafuta rehani, nizifunge kwenye kitambaa kibichi zisinyauke njiani, kisha basi la saa sita, boksi la shada mapajani, na ole wake atakayelikalia. Sasa hivi naendelea na yale matano. Mwenzangu amekuja kuchungulia, amechukua mkasi bila kuombwa. Waridi lake la kwanza linafanana na kabichi, ila nimeliweka.