Maji na Barafu Mbele ya Wasanii wa Iceland

Karibu sehemu moja ya kumi ya Iceland imefunikwa na barafu ya kudumu. Mchoraji Jóhannes Kjarval (1885–1972) aliipenda nchi hiyo, akaichora miamba yake ya lava kwa rangi na brashi. Wasanii wa leo huuliza swali jingine: mandhari hii itadumu hadi lini?

Mwaka 2003, Rúrí, mzaliwa wa Reykjavík, aliiwakilisha Iceland katika maonyesho ya kimataifa ya Venice. Katika kazi yake, picha 52 za maporomoko ya maji zilisimamishwa ndani ya rafu kubwa ya chuma. Mtazamaji akivuta picha moja, husikia mngurumo wa poromoko hilo. Akiirudisha, sauti hukatika. Wakati huohuo mashariki mwa Iceland ulikuwa ukijengwa mradi wa umeme wa Kárahnjúkar kwa ajili ya kiwanda cha alumini. Mabwawa yake yamepunguza maji ya maporomoko kadhaa.

Olafur Eliasson, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1967 na wazazi Waiceland, alipiga picha za mito ya barafu kutoka angani mwaka 1999. Miaka 20 baadaye alipiga picha za mito ileile, kisha akazipanga jozi 30, ya zamani kando ya mpya. Zilinganishe kingo za mito hiyo: palipokuwa na barafu, sasa pana mawe matupu na maji.

Kati ya nyakati hizo mbili, mwaka 2014, mto wa barafu wa Okjökull uliondolewa katika orodha ya mito ya barafu ya Iceland. Ulikuwa umekonda mno, hausogei tena.