Maumivu Nayo Hujaza Kibaba

Pale Busia, kati ya geti la Kenya na lile la Uganda, palikuwa na karibu kilomita moja ya kutembea. Ukishuka gari na gunia lako, utalifikishaje ng'ambo? Miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli walipata jibu: panda keria, tukuvushe boda. Mtindo ukafika Malaba, kisha Afrika Mashariki nzima. Jina la bodaboda kila mtu analijua. Magoti na migongo iliyoifanya kazi hiyo, nani anaikumbuka?

Historia yake imeandikwa kwingine, kwenye maabara za Ulaya na Marekani. Mwaka 1897 Mwingereza Charles Sherrington aliipa jina sinapsi, pale ambapo neva moja huipokeza nyingine ujumbe. Baadaye, akiwachunguza mbwa, aliona kwamba ukimkwaruza mnyama kidogo mara moja, mguu hautikisiki. Rudia mkwaruzo huohuo harakaharaka, mguu unaanza kujikuna wenyewe. Au gusa sehemu mbili za ngozi kwa pamoja: kila moja peke yake haitoshi, zikiungana zinatosha.

Sababu ni kwamba kila ujumbe huacha chaji kidogo kwenye seli inayoupokea. Kibaba hiki kinavuja, chaji hupotea upesi sana. Ujumbe wa pili ukiwahi kabla ya ule wa kwanza kupotea, zinajumlishwa. Zikifika kiwango fulani, seli inafyatuka. Haba na haba, basi.

Mwaka 1966 Lorne Mendell alieleza jambo zito zaidi. Ukizichokoza tena na tena zile neva nyembamba zinazobeba maumivu, seli za ndani ya uti wa mgongo hujibu kwa nguvu zaidi kila mara, ingawa uchokozi haujaongezwa hata kidogo. Mwaka 1983 Clifford Woolf, akiwa London, alionyesha kwa panya kwamba baada ya jeraha uti wenyewe hubaki mwepesi wa kuwaka. Mguso mdogo unaleta jibu kubwa.

Sasa rudi Malaba, foleni ya malori ikiwa imesimama. Mzee aliyepakua magunia miaka ishirini anasema mgongo unamchoma hata akiinua sufuria. Anaambiwa nini? Acha uvivu, mzee, eksirei yako iko sawa. Kumbe eksirei inapiga picha ya mifupa. Haiwezi kuonyesha neva zilizojifunza kupaza sauti.

Si kila mgongo una hadithi hiyo. Kuna pingili zilizosagika, kuna neva zilizobanwa, na hayo yanahitaji daktari wake. Lakini maumivu bila kidonda kinachoonekana si uongo. Yana njia yake mwilini, na njia hiyo imejulikana kwa miongo kadhaa.

Mwaka 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, makaratasi yakawa yanamalizwa upande mmoja. Pikipiki nazo zilishachukua nafasi ya baiskeli nyingi. Safari imefupika. Waliovusha mizigo enzi zile bado wapo, na wakisema wanaumwa, tuanze kwa kuwaamini.