Boga Lililomeza Watu Limeiva Endebess

Boga likikomaa shambani kwetu Endebess, chini ya Mlima Elgon, hujificha chini ya mahindi, na mara nyingi mtoto hulikanyaga kabla hajaliona. Ndiyo maana ile hadithi ya Wasambaa ya boga lililomeza kijiji hainishangazi. Aliyeitunga alikuwa amelima.

Alice Werner, mwalimu wa Kiswahili jijini London, aliisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1933, Myths and Legends of the Bantu. Watoto wanacheza, wanaona boga linazidi kunenepa, wanalisema. Boga linajibu. Baadaye linawameza watu wote wa kijiji isipokuwa mama mmoja, ambaye anajifungua mtoto wa kiume. Mtoto anakua, anauliza baba yuko wapi, anachukua mishale. Boga linakufa, linapasuliwa, na watu wanatoka.

Mimi hulipika. Nakata kofia juu, natoa mbegu, najaza githeri iliyoungwa kwa kitunguu, nyanya na simsim iliyosagwa, narudisha kofia. Linaingia katika sufuria pana yenye maji kidogo, linafunikwa jani la mgomba, na moto wa kuni usiwe na haraka. Likilainika, mmoja wa watoto hushika kisu, nami nikiwa nimemshika mkono. Anapasua, mahindi na maharagwe yanamwagika sinia nzima, na makelele yanayofuata husikika hadi barabarani. Kijiji kimefunguliwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza nyama iko wapi.

Kuna jambo moja la historia hapa. Boga, mahindi na maharagwe haya yote asili yake ni bara la Amerika. Yalivuka bahari baada ya safari za Wareno na Wahispania. Mung'unye ndio mwenyeji wa Afrika, pamoja na kunde na wimbi. Kwa hiyo aliyetaka kupika hadithi hii zamani za kale angejaza mung'unye kwa kunde. Nimejaribu pia. Mung'unye mchanga ni mtamu, ila hauna lile tumbo la kutisha.

Mapishi ya kubuni yana umri wake katika vitabu. Mwingereza Edward Lear alichapisha mapishi ya kuchekesha yanayodai kutoka katika gazeti la kubuni la Agosti 1870. Pai yake mojawapo ni ya zao lisilokuwapo duniani, amblongus: unalichemsha saa nane, unaongeza maziwa, unachemsha saa nne tena, na mwishowe unalitupa dirishani. Mwaka huohuo wa 1870, mjini London, Edward Steere alitoa Swahili Tales, hadithi alizosimuliwa Zanzibar. Ndani yake kuna chakula cha kubuni kinachonivuta zaidi kuliko pai ya Lear: moyo wa kima.

Kima anakaa juu ya mkuyu, na kila siku anamrushia rafiki yake papa matunda. Tazama hapo, papa anashiba kuyu! Kisha anamchukua kima mgongoni, na huko baharini anamwambia kwamba sultani wao mgonjwa anahitaji moyo wa kima. Kima anajibu kwamba kima huiacha mioyo yao mitini. Wanarudi pwani, kima anapanda mtini, na papa haupati moyo huo kamwe. Kwangu hiyo ndiyo siri ya meza isiyo na nyama katika hadithi zetu: nyama inatamaniwa, inakoseka, na tunda linabaki. Moyo wangu naupika kwa mushenye, viazi vitamu vilivyopondwa na maharagwe mekundu. Naufinyanga kwa mikono iliyolowa maji, naufunga katika jani la mgomba, na kuutundika kwenye tawi la mpera. Atakaye kula, apande.

Mwandishi Roald Dahl naye alifika Dar es Salaam mwaka 1938, akiwa ameajiriwa na kampuni ya Shell. Mwaka 1982 alitoa The BFG, hadithi ya jitu lililokataa kula watu na kujilazimisha kula snozzcumber, zao lenye mistari na ladha mbaya. Mwaka 1994, Dahl akiwa amekwisha kufariki, kilitoka kitabu cha kupika vyakula vya hadithi zake. Nalihurumia jitu lile. Lingepita hapa likapewa mrenda na kunde zilizochemshwa kwa musherekha, maji yaliyochujwa kutoka majivu ya mabua ya maharagwe, lisingenung'unika.

Maana mlaji wa majani anataka kitu cha kuchangamsha ulimi. Hapo juu yetu, katika Mbuga ya Mlima Elgon, ndovu huingia gizani katika pango la Kitum na kukwangua kuta kwa pembe wapate chumvi. Akina mama wa Kibukusu walipata munyu wao, hiyo musherekha, kwenye jivu.

Siku ya boga huwa naacha harage moja nje, ukingoni mwa sinia. Huyo ndiye mama aliyesalimika. Halipikwi. Linakaushwa, linawekwa darini, na mvua za Machi zikianguka mtoto aliyeshika kisu hulipanda kando ya shina la hindi.