NYUMBA YA MUNGU: BWAWA NA WILAYA ZAKE

Katika masomo ya jiografia tulizoea kuyahesabu maziwa kana kwamba yote yaliumbwa pamoja na milima. Bwawa la Nyumba ya Mungu halimo katika hesabu hiyo. Liliamuliwa na watu, na mpaka leo maji yake yanagawanywa na watu. Kwa hiyo historia yake yafaa kujulikana.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mto Kikuletwa hukusanya maji ya Mlima Meru na ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro. Mto Ruvu hutoka Ziwa Jipe, lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya. Mito hiyo hukutana katika tambarare kavu kusini ya Moshi, na maji yake huteremka kwa jina la Mto Pangani, yakipita Korogwe hadi Bahari ya Hindi. Mashariki iko Milima ya Upare. Magharibi ni mbuga za Simanjiro, malisho ya Wamasai. Mvua ni haba, na wenyeji tangu kale wametegemea mto kuliko mawingu.

Bwawa lilijengwa katika miaka ya 1960, nchi changa ilipohitaji umeme. Kituo cha Hale kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1964, lakini mto hufurika masika na kunywea kiangazi. Ukuta ulijengwa ili maji ya masika yawekwe akiba. Bwawa likijaa hufunika kilomita za mraba zipatazo 140. Mitambo yake ni ya megawati 8 tu. Kazi yake kubwa ni kuilisha Hale, yenye megawati 21, na tangu 1995 mitambo mipya ya Maporomoko ya Pangani, yenye megawati 68. Tone moja la maji hufanya kazi mara tatu kabla ya kufika baharini.

Faida nyingine haikuwa shabaha ya kwanza: samaki. Majani na miti iliyozama ilioza, ikawa chakula, na perege wakaongezeka ajabu. Wavuvi walihamia kutoka mbali, hata Ziwa Viktoria, na vijiji vikachipuka ufukoni. Lakini rutuba ya bwawa jipya haidumu, na nyavu za matundu madogo ziliongeza hasara. Mavuno yakapungua sana, hata mwaka 2016 serikali ikafunga uvuvi kwa muda ili samaki wazaane.

Wapo pia waliopoteza. Chini ya ukuta, mafuriko yaliyokuwa yakinywesha vinamasi vya Kirua yalipungua, na pamoja nayo mazalio ya samaki na malisho ya kiangazi. Juu ya bwawa, mashamba ya miwa na mpunga, na mifereji ya wakulima wadogo, huchukua maji kabla hayajafika. Mkulima wa juu akifungua mfereji wake, mtambo wa chini huhisi.

Bwawa hili ni kongwe kuliko wilaya mbili zinazolizunguka. Mwanga ilizaliwa mwaka 1979, Simanjiro mwaka 1993, na tangu 2002 Simanjiro imo katika Mkoa wa Manyara. Maji hayakuijua mipaka hiyo. Ndiyo sababu Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991 ili kusimamia bonde zima. Sheria ya maji ya mwaka 2009 nayo inatanguliza mahitaji ya nyumbani, kisha mazingira, ndipo matumizi mengine.

Utaratibu huo ni wa haki. Miaka mingi akina mama wa tambarare za Mwanga na Same walihangaika na ndoo ilhali bwawa liko karibu. Mradi mkubwa wa kuyapeleka maji yake Mwanga, Same na Korogwe ulianza kufikishia watu matunda juzi tu, zaidi ya nusu karne baada ya ukuta kusimama. Vijana mlioko shuleni, miongoni mwenu watatoka wahandisi na maofisa wa maji. Mtakapopewa ramani ya bonde, ulizeni kwanza ni nani yuko chini ya ukuta, na amebakiziwa nini.