Waliozichonga Njia za Pugu

Wazee wa Vingunguti wakikuelekeza njia ya uwanja wa ndege bado watakwambia ushike Pugu Rodi. Kwenye vibao jina hilo halipo. Barabara inaitwa Nyerere, na vijana wengi waliozaliwa huku hawajui kuwa iliwahi kuwa na jina jingine. Jina la kale halikuwa na fumbo: ni barabara iendayo Pugu. Kwetu sisi tuliokulia kati ya machinjio, viwanda na reli, Pugu ilikuwa ule mstari wa vilima upande wa kusini-magharibi, mbali kiasi cha kuonekana kama nchi nyingine.

Nilishavuka miaka thelathini nilipopanda huko kwa miguu kwa mara ya kwanza, Jumapili moja, pamoja na kikundi cha jogging cha mtaani. Vilima vyenyewe si virefu. Msitu unaanzia kama mita 100 kutoka usawa wa bahari na kuishia mita 300 na ushee, na mtu wa Lushoto angeshangaa kusikia tunaviita milima. Lakini Dar es Salaam imelala tambarare, kwa hiyo ukifika juu, pale miti inapoachia uwazi, unauona mji umetandazwa mbele yako, na siku isiyo na ukungu unaiona hata bahari. Wenzangu walipiga picha. Mimi niliendelea kuitazama njia tuliyopandia. Ilikuwa pana mno kwa watu wa matembezi, imezama katikati kama mfereji, na kwenye kingo zake niliokota vipande vya mkaa. Njia haizami vile kwa raba za watu wanaokuja mara moja kwa mwezi. Inazama kwa mizigo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia mizigo hiyo.

Wa zamani kuliko yote ninaoufahamu ni sandarusi. Katika karne ya 19, kabla hata Sultani Majid hajaanza kuijenga Dar es Salaam miaka ya 1860, watu wa Uzaramo walikuwa wakichimba ardhini utomvu mgumu kama jiwe, uliodondoka kutoka misandarusi iliyokufa zamani sana. Waliuteremsha pwani, ukavushwa Unguja, na kutoka Unguja ukapakiwa majahazini na merikebuni hadi Bombay, Ulaya na Salem kule Marekani, ambako ulisafishwa na kugeuzwa vanishi. Meza za matajiri wa ng'ambo ziling'aa kwa utomvu wa nchi hii, na aliyeuchimba alibaki na jembe lake na vipande vichache vya nguo.

Mwaka 1888 wakaja Wabenediktini kutoka Ujerumani. Waliipita Dar es Salaam, wakapandisha vilima na kujenga kituo cha misheni Pugu. Walichagua wakati mbaya. Mwaka huohuo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutwaa forodha za pwani, na pwani ikawaka moto chini ya Abushiri bin Salim wa Pangani. Tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji walifika Pugu. Mabradha wawili, Petrus Michl na Benedikt Kantwerk, na Sista Martha Wansing waliuawa, na wengine wakachukuliwa mateka hadi walipokombolewa kwa fedha. Abushiri naye alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo. Wakatoliki wanawakumbuka wale watatu kwa majina yao, na ni haki yao. Natamani tungeyajua pia majina ya watu wa kawaida waliokufa upande wa pili wa vita ile, maana nao walikuwa na lao la kutetea.

Baada ya hapo ikafuata reli. Wajerumani walianza kuitandika kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na kikwazo chake cha kwanza ilipotoka mjini kilikuwa vilima hivi. Msituni yamebaki mahandaki ya zamani, na machimbo ya kaolini, ule udongo mweupe unaotumika kwenye vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Watu walipoyaacha, popo wakahamia. Ukikaa mdomoni mwa pango wakati wa magharibi utawasikia kabla ya kuwaona, kisha watatoka mfululizo, dakika baada ya dakika, mpaka uache kuhesabu.

Mwaka 1953 ndipo alipofika mwalimu. Julius Nyerere, aliyetoka masomoni Edinburgh, alianza kufundisha St. Francis, shule ya Wakatoliki ambayo leo ni Sekondari ya Pugu. Aprili mwaka huo alichaguliwa kuwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika. Kazi yake ilikuwa vilimani na siasa ilikuwa Kariakoo, na kati ya hivyo viwili kuna kilomita 20 hivi. Inasimuliwa kwamba mara nyingi alizitembea kwa miguu, akateremka kwenye vikao na kurudi kuwahi darasa. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka TANU, chama cha kudai uhuru. Machi 1955 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, na aliporudi akatakiwa achague kati ya chaki na siasa. Aliacha kazi.

Huwa nalifikiria hili nikiwa nimekwama kwenye foleni ya jioni, daladala haisogei, abiria wamechoka na kila mtu analaumu. Barabara hii ilibeba miguu yake kabla ya kubeba jina lake. Tungeweza kuwa na matembezi ya kila mwaka, kutoka lango la shule ile hadi Kariakoo, watoto wakiongoza. Sielewi kwa nini taifa linaloimba sana juu ya Mwalimu halijaifanya njia hiyo kuwa njia ya kumbukumbu inayotambulika hatua kwa hatua.

Wakati Mwalimu akifundisha Pugu, msitu wenyewe ulikuwa umeshawekewa mipaka. Serikali ya Waingereza ilitangaza Pugu kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1947, na jirani yake Kazimzumbwi mwaka 1954. Kwa pamoja ni zaidi ya hekta 7,000. Lakini mji uliendelea kukua chini ya vilima, na mji hupika. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoani Dar es Salaam, na kwa miongo mingi sehemu kubwa yetu tumepikia mkaa.

Mchoma mkaa huanza na mti mmoja mkubwa. Huukata vipande, akavipanga, akavifunika kwa majani na udongo, kisha akalilinda tanuru usiku na mchana kwa siku kadhaa, akiziba kila ufa moto usipate hewa. Akilala, kazi yote inakuwa majivu. Kisha gunia hubebwa kichwani au kukokotwa hadi penye baiskeli, na baiskeli huteremshwa alfajiri, breki zikilia, mpaka mjini. Hii ndiyo mizigo iliyoizamisha njia niliyopandia. Kufikia miaka ya 1990 sehemu kubwa za msitu zilikuwa zimebaki vichaka, na wakulima waliohamia ndani ya mipaka wakaingia kwenye mivutano mirefu na serikali. Sina ujasiri wa kumnyooshea kidole mwenye tanuru. Nyumbani kwetu Vingunguti jiko la mkaa liliwashwa kila siku ya utoto wangu, na hakuna aliyewahi kuuliza gunia limetoka wapi.

Kilichokuwa kikiungua ni adimu sana. Kuna mti mdogo wa jamii ya mikunde ambao wataalamu wameuita Baphia puguensis, kwa sababu hapa ndipo kwao. Yumo komba wa Rondo, mnyama mdogo kuliko kiganja akijikunja, mwenye macho makubwa ya usiku, ambaye amewahi kutajwa miongoni mwa nyani na komba walio katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka duniani. Yumo pia sange, mwenye pua ndefu isiyotulia, anayekimbia juu ya majani makavu kama mtu aliyechelewa. Sasa Pugu na Kazimzumbwi zimeunganishwa na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Unalipia kiingilio, unapewa mwongozaji, na njia za magunia zimegeuka njia za wapanda vilima. Serikali nayo imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanapikia nishati safi. Nalipokea lengo hilo kwa moyo wote, ila bei ya gesi ndiyo itakayoamua kama njia hizi zitaendelea kuwa za raba.

Na kuna jambo moja ambalo sikulijua mpaka mwongozaji aliponionyesha kijito cha kuruka kwa hatua moja. Alisema ni mmoja wa mishipa ya Msimbazi. Mto ule ule. Unaanzia kwenye vilima hivi, unapita kwetu Vingunguti ukiwa umeshachafuka kwa maji ya viwanda na taka za majumbani, unaendelea Jangwani na kuingia baharini penye daraja la Salenda. Desemba 2011 ulifurika na kuua. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha jijini katika mafuriko yale. Mlima ukiwa na miti, maji hunyonywa na ardhi na kuteremka polepole. Mlima ukiwa mtupu, mvua yote hutufikia kwa mkupuo, saa chache baadaye, katikati ya usiku. Niliingiza mkono kwenye kijito kile. Maji yalikuwa baridi na hayana harufu yoyote.

Nimerudi mara nyingi tangu hapo, safari hizi kwa treni ya kwenda Pugu, na kumalizia kwa miguu. Kila nikifika juu huwa naitafuta Vingunguti, na si rahisi, kwa sababu kutoka pale mabati yote yanafanana. Nimejifunza kusubiri ndege. Ikija kutoka upande wa bahari huinama juu ya mji, hushuka, hushuka tena, na muda mfupi kabla haijagusa ardhi huwa iko juu ya mitaa yetu. Hapo nanyoosha kidole na kuwaambia ninaopanda nao: pale ndipo mto huu unapopita nyumbani.