Jini, Ndimu na Asali ya Sikonge

Jini ninayoizungumzia leo, ndugu msikilizaji, si yule wa mapangoni anayepanda watu vichwani. Ni ile jini ya kwenye chupa, nyeupe kama maji ya kisima, ambayo siku hizi imehama baa na kuingia sebuleni. Jua la Septemba na Oktoba likishaanza kuwaka, mwenye nyumba hapa mjini huwaandalia wageni wake bilauri ndefu, barafu, kipande cha ndimu, soda chungu na toti moja ya jini au konyagi. Ni kinywaji kizuri, sikatai. Ila wengi wanaokichanganya wanaamini kwamba wameiga jambo la Ulaya. Mimi nadai kwamba nusu ya bilauri ile ni habari za Unyamwezi, na nitajaribu kuonyesha kwa nini.

Tuanze na ule uchungu. Soda chungu, wanayoiita toniki, hupata ladha yake kwenye kwinini, dawa ya magome ya mti wa Amerika ya Kusini ambayo Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga mwaka 1820. Kwinini ilikuwa ngao ya Mzungu katika nchi za malaria. Waingereza waliokaa India waliona uchungu wake hauvumiliki, wakautuliza kwa maji yenye gesi, sukari na jini. Mwaka 1858 mtu mmoja wa London, Erasmus Bond, akapata hataza ya maji ya toniki. Kinywaji cha starehe kilianza kama kijiko cha dawa.

Na katika njia yetu ya misafara hakuna dawa iliyotajwa kwa hofu na matumaini kama kwinini. Januari 1867 David Livingstone aliibiwa sanduku lake la dawa, na katika shajara yake aliandika kana kwamba amesomewa hukumu ya kifo. Akazunguka miaka bila kinga ya maana, akawa mifupa mitupu. Novemba 1871 Henry Stanley alipomkuta Ujiji, alikuwa na dawa katika mizigo yake. Alikuwa pia na chupa ya shampeni na vikombe vya fedha, vilivyobebwa kutoka pwani kwa kazi hiyo moja: kufunguliwa siku ya kukutana. Hebu fikiri, msikilizaji. Mpagazi ametembea miezi, amevuka mbuga za Ugogo na pori la Mgunda Mkali, na ndani ya mzigo wake mmekaa chupa ambayo yeye hataonja hata tone.

Wazee hao wawili wakarudi pamoja hadi Kwihara, karibu na mji wa Tabora, Februari 1872. Stanley akaenda zake pwani mwezi Machi. Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti, kisha akashika njia ya kusini. Hakurudi akiwa hai. Alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Na hapa kuna jambo ambalo wanaosimulia habari hizi mara nyingi huliruka. Susi, Chuma na wenzao, walipoamua kuubeba mwili hadi pwani, waliutia chumvi, wakauanika juani kwa siku 14, na brandi wakaitia mdomoni na kwenye nywele ili usiharibike. Oktoba 1873 mwili ukafika Kwihara. Brandi ndiyo hiyo ambayo Waswahili waliiita konyagi, kutokana na jina la Kifaransa, Cognac, miaka mingi kabla jina hilo halijabandikwa kwenye chupa ya kiwanda chetu. Kwa hiyo kama unataka kujua konyagi ilifanya kazi gani ya heshima kuliko zote katika nchi hii, jibu lake si la baa.

Lakini wenyeji wenyewe walikunywa nini? Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi Novemba 1857, waliikuta nchi inayojua pombe vizuri kabisa. Ilikuwa pombe ya mtama, nzito, ya kushibisha kama uji, iliyopikwa na wanawake na kunywewa kwa pamoja baada ya kulima. Waarabu wa Kazeh, akina Sheikh Snay bin Amir, waliwakaribisha wageni kwa wali na kahawa, kama ustaarabu wa Kiislamu unavyotaka. Na kusini mwa Tabora, huko Sikonge, kiasi cha kilometa 70 hivi, ndiko kwenye misitu ya miombo. Huko nyuki ndiye mwenye nchi. Mitundu na miuva ikichanua, mizinga ya magome iliyopachikwa juu ya miti hujaa, na asali ikikutana na maji na chachu, baada ya siku chache unayo wanzuki.

Wanzuki si mchezo. Anayekunywa kwa kuwa ni tamu hugundua miguu yake imekuwa ya mtu mwingine. Hata hivyo wanzuki, kama pombe ya mtama, huchachuliwa tu. Haipitishwi motoni ikageuzwa mvuke. Ule ufundi wa kupika, kunasa mvuke katika mrija na kuupoza kwa maji ukatoka matone makali, ulituingilia kutoka kwingine.

Kutoka wapi? Uganda wapo wanaosema jina waragi ni Kiingereza kilichokosewa, eti jini ya vita. Mimi hainiingii akilini. Sudani na Misri walikuwa na araki tangu zamani, na askari wa Kisudani walienea katika eneo letu hasa katika miaka hiyo: Wajerumani waliwaandikisha Cairo mwaka 1889 kuja kupigana na Bushiri, na wale wa Emin Pasha waliobaki karibu na Ziwa Albert walichukuliwa na Lugard mwaka 1891 kwenda kuilinda Uganda. Emin mwenyewe ndiye aliyeipandisha bendera ya Kijerumani Tabora mwaka 1890. Araki kuwa waragi ni hatua fupi sana ya ulimi. Wahaya wa Kagera walikwenda upande mwingine. Moshi wao wanauita enkonyagi.

Mwaka huohuo wa 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, yakatia sahihi mkataba wa kupiga vita biashara ya utumwa, na ndani yake yakaweka vifungu vya kuzuia au kutoza ushuru pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Baada ya vita, Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa mwaka 1922, kifungu cha tano cha hati yao kiliwaamuru kudhibiti pombe kali. Kwa maneno ilikuwa huruma. Kwa vitendo, sheria ilimpima mnywaji kwa rangi. Bwana Shauri aliketi barazani jioni na jini yake na kwinini yake, na mpishi aliyemkatia ndimu angefikishwa mbele ya bwana huyohuyo kama angekutwa na kinywaji kile mdomoni. Hiyo ndiyo sababu babu zetu walijifunza kupika gongo porini usiku. Mtu akinyimwa mlango wa mbele hutafuta wa nyuma.

Uhuru ulipokuja, rangi iliondoka katika sheria lakini jungu la moshi lilibaki haramu. Uganda, katikati ya miaka ya 1960, iliwataka wapikaji wawe na leseni na wakiuzie kiwanda cha serikali enguli yao ikasafishwe. Ndiko ilikotoka chupa ya Uganda Waragi. Sisi tulitunga Sheria ya Moshi mwaka 1966, na baadaye kiwanda cha Dar es Salaam kikatupa Konyagi, asilimia 35 ya kileo, inayofanana na jini kuliko na ile brandi iliyoizaa kwa jina. Kenya iliifunga chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, ikaifungulia mwaka 2010 kwa masharti.

Nani alilipa gharama? Mara nyingi ni mama. Mwanamke anayepika gongo ili mtoto apate sare ya shule ndiye anayepandishwa gari la polisi na mapipa yake. Sisemi gongo ihalalishwe kesho. Nasema tu kwamba mimi na wewe tunaochanganya jini kwa vijiko vya fedha hatuna haki ya kumcheka.

Marekani nao walipita njia hiyo. Kati ya 1920 na 1933 walipiga marufuku pombe nchi nzima. Wakapika jini majumbani, kali, yenye harufu mbaya. Na miongoni mwa vinywaji vilivyopata jina siku zile kimoja kilichanganya jini, maji ya limau na asali, na kinaitwa hadi leo Bee's Knees, yaani magoti ya nyuki. Huelezwa kwamba asali na limau vilikuwa pazia la kuficha ubaya wa jini yenyewe. Mnyamwezi angecheka: asali ya kufichia pombe, wakati kwetu asali ndiyo pombe!

Basi kama unakitaka nyumbani, usinunue sharubati ya kopo kutoka ng'ambo. Asali haiyeyuki katika baridi. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wakaishia na donge chini ya bilauri. Chukua kijiko kikubwa cha asali, ukoroge na kijiko kikubwa cha maji ya vuguvugu hadi iwe nyepesi. Acha ipoe. Kamulia ndimu moja, tia toti moja ya jini au konyagi, jaza barafu, tikisa katika chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko, mimina. Ukipenda ndefu zaidi ongeza soda au toniki. Asali nyeusi ya miombo ina ukali wake, hivyo anza na kidogo. Ukwaju uliolowekwa unafaa badala ya ndimu, na tangawizi iliyopondwa haiharibu kitu. Kwa wale wasiotumia kileo, na Tabora ni wengi, toa ile toti, ongeza majani ya nanaa: una sharubati ya kumkaribisha sheikh yeyote.

Mawili ya tahadhari. Toniki ya leo haitibu malaria. Marekani hairuhusu kwinini izidi miligramu 83 katika lita moja, ilhali dozi ya mgonjwa mzima ni miligramu 600 kila baada ya saa nane. Ukihisi homa nenda ukapime damu. La pili, usichanganye kitu usichojua kilikotoka. Nairobi, Novemba 2000, pombe ya bei poa iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 na wengine wakapoteza macho. Methanoli haina rangi wala haikuonyi kwa ladha, na hakuna ndimu wala asali inayoiondoa.

Serikali yetu ilipiga marufuku viroba, zile pakiti ndogo za plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na chupa za kioo zikapata thamani mpya. Ukisafiri barabara ya Tabora kwenda Mbeya, ukapita Sikonge na Ipole, utaona asali imepangwa juu ya meza kando ya njia, na chupa nyingi zilikuwa za pombe kali kabla ya kuosha lebo. Nunua. Lakini kwanza mwombe mama afungue kizibo, unuse. Isiponuka kitu kingine ila ua la msituni, lipa.