Kisu Kina Jina, Ala Haina

Ndugu wasikilizaji, ambao wengi wenu mlikua mkitazama picha za kauboi, bila shaka mnamkumbuka yule Mzungu wa porini mwenye ndevu na kofia ya manyoya, kisu kikining'inia kiunoni ndani ya ala iliyorembwa kwa shanga. Sinema ilitufundisha kumtazama mwanamume na kisu chake. Leo nawaomba tuitazame ala.

Kisu chenyewe hakina siri. Katika miaka ya biashara ya ngozi za biva, mnyama ambaye manyoya yake yalitengenezwa kofia za mabwana wa Ulaya, visu vingi vilitoka Sheffield, Uingereza, vikiwa na mhuri wa fundi aliyevifua. Katika miaka ya 1830 John Russell naye akaanza kufua visu katika jimbo la Massachusetts, na kiwanda chake kikajulikana kwa jina la Green River. Mhuri wake mpaka leo unasomeka.

Ala ilikuwa na safari nyingine. Ngozi mbichi ya nyati wa Marekani ililowekwa, ikakunjwa kukizunguka kisu ingali laini, kisha ikaachwa ikauke mpaka ikawa ngumu kama ubao. Upande wa makali ndio wenye taabu, kwa kuwa kisu kikichomolewa mara kwa mara hukata mshono. Kwa hiyo ukingo huo ulipigiliwa misumari midogo ya shaba yenye vichwa vya mviringo, ile iliyotumiwa Ulaya kupamba masanduku na viti. Watazamaji huiona kuwa pambo tu, kumbe ilikuwa na kazi. Nyingine zilivishwa ngozi laini ya paa, iliyosuguliwa kwa ubongo wa mnyama na kufukizwa moshi ili ikilowa isikakamae. Tundu lilitobolewa kwa msharasi, na uzi ulikuwa kano za mgongo wa nyati.

Sasa, nani alifanya kazi hiyo? Kwa sehemu kubwa ni wanawake wenyeji wa Marekani, wale ambao sinema zilituzoeza kuwaita Wahindi Wekundu. Kabla ya shanga, walichukua miiba ya nungunungu, wakaitia rangi, wakailainisha kinywani na kuibana kwa meno iwe bapa, ndipo waishone. Ni kazi ya subira ambayo sijui ni wangapi kati yetu tungeimaliza. Wengi wao walikuwa wake wa wawindaji hao hao wa Kizungu, na bila viatu vya ngozi na viatu vya theluji walivyowatengenezea, wanaume wale wasingemaliza kipusa kimoja.

Shanga nazo zina habari inayotugusa. Nyingi zilitoka Venice, Italia, na mji huo huo ndio uliozileta Unguja, zikabebwa na wapagazi mpaka Tabora na Ujiji kulipia chakula na hongo njiani. Na hilo jimbo la visu, Massachusetts, ndilo lililotuletea kitambaa cha merikani kupitia wafanyabiashara wa Salem. Seyyid Said alitia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Tulikuwa wateja wa duka moja, tena bila kujuana.

Biashara ya biva ilidorora kofia za hariri zilipopendwa, na mkutano wa mwisho wa kila mwaka wa wawindaji katika milima ya Rocky ulifanyika 1840. Nyati, waliokuwa mamilioni, walichinjwa mpaka kufikia mwaka 1889 wakahesabiwa kuwa kiasi cha elfu moja hivi. Ngozi na kano zikaadimika.

Hata hivyo ufundi haukufa. Wazao wa wanawake wale wanaendelea nao, na mafundi wasio wenyeji nao wanatengeneza ala za mtindo huo kwa kuuza. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka: nani ana haki ya kuiita kazi yake ya wenyeji? Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria inayomtia hatiani anayeuza kazi ya mikono kwa kudai uongo kuwa imetengenezwa na wenyeji. Kosa la kwanza linaweza kumgharimu mtu faini ya hadi dola 250,000 au kifungo cha hadi miaka 5.

Sheria hiyo haizigusi ala za karne ya 19. Nyingi ziko nyuma ya vioo vya makumbusho, na kibandiko chake huandika jina la kabila, mwaka wa kukisia, na jina la bwana aliyezinunua.